Unene wa Miti ya Baba

Aliolewa akiwa binti, akafiwa na mume akiwa mtu mzima, kisha wanawe wakawa wanampokezana kwa zamu kama kiti cha kuazima. Mwanamke huyo alikuwa na ombi moja tu kwa mdogo wake wa kiume: amjengee chumba katika kiwanja walichoachiwa na baba yao. Hakuomba nyumba. Aliomba chumba chenye baraza na mlango.

"Mlango wangu mwenyewe," alimwambia. "Nikiufunga, nimeufunga mimi. Mdogo wangu, tangu marehemu shemeji yako aondoke, nalala mahali ambapo mwingine ndiye anayeamua taa izimwe lini. Hawanitesi, la. Wananipenda. Lakini kupendwa ukiwa mgeni nako kunachosha."

Mdogo wake alikubali papo hapo, na alikubali kwa moyo mweupe. Hilo lisemwe mapema, ili asije mtu akadhani kwamba lililofuata lilitokana na uchoyo au uzembe.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, na ndani yake mlikuwa na cherehani ya miguu, meza ndefu iliyochakaa kwa mikwaruzo ya chaki, na ukuta mzima wa karatasi za vipimo zilizotundikwa kwa misumari. Utepe wake wa kupimia haukutoka shingoni hata alipokwenda sokoni. Hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu. Watani wake walisema, "Yule akikupima kiuno, hujui kama anakushonea suruali au anakuchimbia msingi." Naye hakukasirika, kwa kuwa aliamini kwamba kitambaa cha mtu ni amana, na kwamba mkasi haujui toba: ukishapita, umepita.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya zahanati, mwisho wa kichochoro kilichobanwa na kuta mbili. Baba yao alipanda humo mikaratusi ya kuuza nguzo. Alipofariki, miti ilikatwa mara moja, na kila kisiki kikatoa machipukizi mengi yaliyorefuka na kusongamana, hata ikasemwa kwamba paka akiingia humo hutokea upande uleule aliouingilia. Kuchoma haikuwezekana. Muuguzi mkuu alikwisha kuonya kwamba wagonjwa wake wa kifua hawatavuta moshi wa mtu. Kubeba magogo na matawi kupitia kichochoro kungewamaliza wachukuzi. Seremala wa jirani ndiye aliyetoa wazo la mashine ya kusaga matawi. Mti unaingizwa mdomoni upande huu, unatoka upande wa pili ukiwa vipande vidogo kama maganda ya karanga, na vipande hivyo huachwa vioze palepale vilipoanguka.

Fundi alikwenda kiwanjani kupima. Alipenya vichakani mpaka akaupata mti mnene kuliko yote, akauvua utepe shingoni, akauzungusha kwenye shina kama anavyomzungushia mteja kiunoni, akalegeza kidogo ili mteja apumue. Inchi kumi na mbili. Akarudia, maana kupima mara moja kwake ilikuwa sawa na kutopima. Kumi na mbili zilezile.

Akaenda dukani, na mkewe pamoja naye.

"Hii hapa inameza mti wa inchi nne," alisema muuza mashine, akikipigapiga kimashine cha magurudumu mawili kama mtu anayemsifia mbuzi wake. "Inapita popote mkokoteni unapopita. Na tunaikodisha. Ukitaka leo, leo."

"Nne tu?"

"Nne, mzee wangu. Matawi gani yanazidi hapo?"

"Yangu yana kumi na mbili."

Muuzaji akapiga mluzi. "Kumi na mbili! Mzee, umepanda miti au umepanda minara?"

"Nimepima kwa mkono wangu mwenyewe. Mara mbili."

"Basi huyu mdogo usimlishe, atakabwa. Wewe unataka lile dude linalovutwa na lori. Sisi hatuna. Liko mji mwingine, na wanaolingoja ni wengi. Unataka kusaga matawi au kusaga mlima?"

Fundi hakucheka. Aliuliza visu hunolewaje, injini hunywa mafuta kiasi gani, na kama mdomo wa mashine una kinga ya kuuokoa mkono wa mwendeshaji. Yote yalikuwa maswali ya mtu makini. Hakuuliza inchi zile hupimwa wapi. Angeuliza vipi? Katika maisha yake inchi ilikuwa na njia moja tu, nayo ni kuzunguka: kuzunguka shingo, kifua, kiuno, mkono. Muuzaji naye, ambaye kwake inchi ya mti hukata katikati kutoka gome hadi gome, hakuona sababu ya kumfafanulia mtu mzima jambo la wazi. Walielewana vizuri kabisa, na kila mmoja alikuwa akisema lake.

Njiani mkewe alimwambia, "Si ungekikodi hiki kidogo kwanza, tukajaribu?"

"Baba havalishwi suruali ya mtoto ili ijaribiwe."

"Wifi anangoja."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo. Tena tumbo lenyewe si lako, ni la wifi."

Aliyasikia maneno hayo, akatabasamu, akaendelea na safari. Alizunguka maduka mengine, na kila mahali alitaja kumi na mbili, na kila mahali akajibiwa vilevile. Kadiri walivyomjibu vilevile, ndivyo alivyozidi kujiona amehakikisha.

Dada mtu alipofika chumbani kwa cherehani kuulizia, alimkuta mdogo wake ana pini mdomoni. Alizitoa, akazichomeka kwenye kitambaa, akasema, "Dada, miti ya baba ni minene. Mashine za hapa haziiwezi. Tunangojea kubwa."

Bibi yule akacheka mpaka mtandio ukamwanguka begani. "Unaona! Baba alikuwa na mkono, bwana. Alichokipanda baba hakiliwi na vijimashine." Akaondoka amefurahi, kana kwamba amepewa zawadi badala ya kuahirishiwa. Tangu siku hiyo alimsimulia kila mtu katika nyumba za wanawe habari za unene wa miti ile, na binti yake wa mwisho naye akawa akimtuliza kwa maneno hayohayo kila alipokosa subira.

Dude lile lilipokaribia kupatikana, ikaonekana kwamba halipiti kichochoroni. Ilibidi ukuta wa jirani ubomolewe kipande. Jirani huyo alikuwa karani mstaafu aliyeupenda ukuta wake kuliko alivyowapenda baadhi ya jamaa zake. Kwanza alisema atafikiri. Kisha akasema mvua zipite. Mvua zikapita, akasema anamngoja mwanawe arudi safari wajadiliane. Fundi alikwenda na kurudi, akiahidi kuujenga upya na kuupaka rangi, naye karani akimkaribisha kahawa na kumjibu, "Ukuta si shati, fundi. Haushonwi ukafumuliwa." Lori lilipangwa, likapangwa tena. Mvua nyingine zikaja zikaondoka. Mikaratusi ikaongezeka urefu, wala si unene wa kutajika.

Ndipo asubuhi moja dada akaanguka karibu na beseni la nguo nyumbani kwa binti yake. Upande mmoja wa mwili ukalala, na ulimi ukawa mzito. Daktari wa zahanati alimpima kwa upole, akawaita wanawe barazani, akawaambia kwamba mama yao ataishi, ila asiachwe peke yake tena, si usiku wala mchana, na mlango wa chumba chake usifungwe.

Karani alipopata habari, aliona haya, akauruhusu ukuta wake ubomolewe juma lilelile.

Dude likaja. Aliyeliendesha alikuwa mama wa makamo aliyevaa ovaroli, sauti yake imezoea kushindana na injini. Wakataji walikuwa wamekwisha kuilaza miti. Mama yule akazunguka marundo, akaangalia huku na huku kama mtu aliyealikwa karamuni akakuta vikombe vya maji tu.

"Baba, hiyo miti mikubwa iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Hii?" Akainama, akaweka kiganja juu ya tako la gogo lililo nene kuliko yote, na tako zima likafunikwa. "Hii si inchi nne, haifiki. Nani alikwambia uniite mimi?"

"Ni kumi na mbili," fundi alisema. "Nilipima." Akauvua utepe, akauzungusha kwenye gogo mbele yake, akamwonyesha.

Mama yule aliangalia utepe, akamwangalia mwenye utepe, na mzaha ukamtoka usoni. Alisema taratibu, "Baba, mti hatuupimi kiuno. Inchi za mashine hupita katikati."

"Kile kidogo cha magurudumu mawili kingeweza?"

"Kingemaliza kikabaki na njaa."

Akawasha injini. Kazi iliyokuwa imengoja misimu yote ile ilikwisha kabla jua halijafika utosini. Matawi yaliingia katika mdomo ule mpana yakicheza huku na huko, kama mtoto aliyevalishwa koti la babu yake. Fundi alisimama pembeni, hewa ikinuka mafuta ya mkaratusi, akayatazama hadi la mwisho.

Jioni alikwenda kwa dada yake. Alimkuta kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, mlango wazi, wajukuu wakipita na kupita. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kusema.

"Mashine... imeimaliza?" dada aliuliza, akilivuta kila neno kama ndoo ya maji kutoka kisimani.

"Imeimaliza, Dada."

"Ilikuwa... minene."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Alifumbua kinywa. Akaona upande mmoja wa uso wa dada yake, ule uliobaki hai, ukinyanyuka kwa fahari ya mtoto anayemtaja baba yake, akashindwa.

"Ilikuwa minene, Dada," alisema.

Alijiambia atamweleza siku nyingine, atakapopata nguvu. Mola hakuiandika siku hiyo. Msingi ulikuwa umechimbwa upande mmoja tu alipofariki.

Wanazuoni wa zamani walifundisha kwamba haki zilizo baina ya mja na Mola wake, mlango wake wa msamaha ni mpana. Bali haki iliyo baina ya mja na mja, ufunguo wake amekaa nao mwenyewe aliyedhulumiwa. Kukosea kipimo si dhuluma, na hakuna kadhi ambaye angemhukumu fundi kwa hilo. Lakini kumwacha mtu afe akijifariji kwa jambo lisilokuwepo, ni nini hilo? Rehema, au woga uliovaa kanzu ya rehema? Fundi alikuwa msomaji wa dua, akaomba sana, na kila alipoomba alihisi anabisha hodi katika nyumba ambayo siyo.

Chumba alikimaliza. Mkewe alipomuuliza kinajengwa kwa ajili ya nani, alijibu kwamba kimeahidiwa. Kilipopakwa chokaa alikwenda kwa mpwa wake, yule binti aliyemuuguza mama yake hadi mwisho, akamwambia chumba ni chake, akae au apangishe.

Binti alikuwa akipakua chakula. "Ahsante, Mjomba. Mama angefurahi. Mpaka mwisho alikuwa anawahadithia watoto habari za miti ya babu."

"Haikuwa minene," mjomba alisema.

"Nini?"

Akamweleza yote: utepe, duka, kimashine ambacho kingekodiwa siku ileile, ukuta, kiganja cha yule mama juu ya gogo. Hakujitetea. Binti aliuweka upawa chini.

"Ina maana angehamia kabla hajaanguka."

"Angehamia zamani."

"Na yeye ulimwambia?"

"Hapana."

Binti alisema bila kupandisha sauti. "Mama alikuwa akikohoa usiku anatuomba radhi kwa kutuamsha. Kila siku ananiuliza, lini? Mimi namwambia, subiri, Mama, miti ni minene. Mimi, Mjomba. Kwa mdomo wangu huu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Kwa langu nimekusamehe. Lile neno nililokuwa nikimwambia, basi, limepita. Lakini la Mama si langu. Nikisema nimekusamehe kwa niaba yake nitakuwa nakudanganya, na sasa unajua kudanganya kwa wema kukoje."

Fundi akainamisha kichwa. Alikuja akiwa na tumaini dogo ambalo hata yeye mwenyewe hakulijua mpaka lilipozimika.

Binti akaushika tena upawa, akamalizia kupakua, akamsogezea sahani mbele yake. "Kula, Mjomba. Chakula kinapoa."

Akanawa, akala. Kukataa kungekuwa kuomba huruma, na alikwisha kuambiwa kwamba aliyekuwa nayo, dada yake, hayupo tena.