Fundi Anayefundisha Kupigwa

Mtu akiingia katika duka la yule fundi cherehani na kuomba afundishwe mchezo wa kupigana, jambo la kwanza analokatazwa ni kupigana. Huketishwa kwenye stuli mbele ya televisheni iliyo mwisho wa meza ya kukatia vitambaa, akapewa pedi ya gemu iliyokwisha kufutwa vumbi la chaki, kisha akaambiwa, "Leo kazi yako ni kupigwa tu. Kitufe hiki kinakinga juu, hiki kinakinga chini. Hivyo vingine sahau kama vipo."

"Nisipige hata kidogo, Shangazi?"

"Ukipiga nazima umeme."

Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Shangazi Kinga, hata watu waliomzidi umri. Wengi huvumilia somo hilo huku wakilalamika. Aliyeshindwa kabisa ni dereva wa lori wanayemwita Breki, kwa sababu vidole vyake havina. Siku yake ya kwanza chai haikuwahi kupoa kabla hajaanza kubonyeza vitufe vyote kwa pamoja kama mtu anayepukuchua mahindi. Mpaka leo hupigwa na kila anayeingia, na kila jioni huegesha lori lake akaja kupigwa upya, uso umemkunjuka kama mtu aliyealikwa harusini.

Mchezo wenyewe si wa kitoto. Una matoleo saba, na kila toleo huongeza wapiganaji bila kumwondoa hata aliyekufa. Kila mmoja ana mapigo yake, hila zake na visasi vyake vya miaka mingi juu ya mnara mmoja ambao hakuna anayeufikia kileleni. Mgeni akiufungua peke yake huwa kama mtu aliyeingia kwenye kikao cha ukoo usio wake: kila mtu anagomba, na hajui nani alianza.

Shangazi Kinga aliufungua peke yake. Mwanawe wa pekee alipata kazi mji wa mbali, akaiacha mashine ya gemu chini ya kitanda. Nyumba ikaingiwa na ukimya ambao hata cherehani haikuuweza. Ukiondoa mguu kwenye pedali tu, huo hapo, umekaa ukikungoja. Basi siku moja mama akaiwasha mashine, si kwa nia ya kucheza, bali asikie ule muziki uliokuwa ukitoka chumbani kwa mwanawe. Muziki ukamtaka achague mpiganaji. Akamchagua bibi mmoja mwenye fimbo, kwa sababu joho lake lilikuwa na pindo safi.

Msimu mzima wa mvua alipigwa kwenye mtandao na watu asiowajua. Mmoja alimwandikia arudi jikoni. Hakuwapo wa kumweleza kwa nini anaanguka. Kupigwa kwenyewe hakuumi sana; kinachouma ni kupigwa usijue umepigwa na nini. Alipokuja kuelewa, pigo baada ya pigo, kwa machozi na kwa ubishi, aliihamishia televisheni dukani, na tangu hapo hakuna mgeni aliyepigwa peke yake katika mtaa ule.

Ana desturi moja ambayo haitangazi. Mwanafunzi akishinda, hamsifu. Hungoja neno. Siku mwanafunzi atakapoanguka chini kabisa, kisha bila kuchochewa na mtu akasema "Tena," Shangazi huokota kipande cha kitambaa sakafuni na kukishonea kwenye pazia lililo nyuma ya televisheni. Pazia hilo sasa lina rangi za kila namna, maua juu ya mistari, mistari juu ya madoa. Wateja hudhani ni matangazo ya kazi yake.

Alasiri moja akaingia muuguzi wa zahanati iliyo nyuma ya soko, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi, mkononi ana sketi ya shule.

"Karibu, mama. Ya kupunguza au ya kuongeza?"

"Ya kuongeza. Ni ya binti wa mume wangu. Yuko kwa bibi yake likizo hii yote." Akaikunja sketi, akaikunjua. "Na samahani, dada. Nasikia unafundisha ule mchezo wa mnara."

"Nafundisha. Nani anataka?"

"Mimi."

Breki, aliyekuwa akipigwa pale kwenye stuli, aligeuka kutazama, na akapigwa zaidi.

Muuguzi akaeleza, kwanza kwa sauti ya zahanati, halafu kwa sauti yake mwenyewe. Mwaka ule aliolewa na fundi umeme mgane mwenye binti mmoja aliyeanza kuwa mrefu kuliko nguo zake. "Angenitukana ningejua pa kuanzia. Lakini hanitukani. Nikimpa chakula anashukuru. Nikimuuliza habari za shule anasema nzuri. Halafu anaingia chumbani, anafunga mlango, nabaki kusikia ngumi za mchezo huo tu. Baba yake akijaribu kucheza naye, anasinzia kabla ya raundi ya pili. Kuna mlango mmoja tu wa kumfikia mtoto yule, dada, na ni huo. Akirudi, nataka nibishe hodi."

Shangazi aliitundika sketi msumarini. "Hii itamngoja mwenyewe. Siwezi kukunja pindo la mtu asiyekuwepo. Wewe kaa hapo. Breki, mpishe mama."

Ikawa kila akitoka kazini anapitia dukani. Kwanza alifundishwa ukoo wa wapiganaji. Shangazi aliusimulia akiwa na pini midomoni, kama mtu anayewasema majirani. "Huyu mwenye kilemba cha chuma ni shemeji wa yule mwenye makucha. Walikosana toleo la pili kwa sababu ya kengele. Usiniulize kengele gani, hata wao wamesahau. Huyu alikufa toleo la nne, amerudi la tano, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi."

"Na huyu mnene anayecheka?"

"Huyo ni mjomba wa watu wote. Ogopa anayecheka."

Kisha akafundishwa kuchagua. "Usitafute mwenye nguvu. Tafuta unayeweza kumwona akipigwa usimkasirikie." Muuguzi alimchagua mlinzi wa lango la mnara, mtu mzito, mpole, ambaye wageni humdharau.

Akakinga. Juu, chini, juu. Na hapo ikaonekana kwamba mwanamke aliyezoea kuutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto anayerusha mateke ana subira ambayo hakuna shule inayoifundisha. Mapigo ya mfululizo alifundishwa kwa mguu: Shangazi alikanyaga pedali ya cherehani isiyo na uzi, ta-ta, taa, ta-ta, taa, mpaka vidole vya mwenzake vikaufuata mdundo vyenyewe.

"Muuguzi, leo nakupiga mpaka ujitibu mwenyewe!" Breki alitamba.

"Njoo, kaka. Sindano hii haina ganzi."

Siku ile Breki alishinda, kwa muujiza ambao yeye mwenyewe hakuuelewa. Akainuka akizunguka duka mikono juu, akaangusha majora mawili ya kitambaa. Muuguzi hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, kwa mlinzi wa lango aliyelala chali.

"Tena," akasema.

Shangazi akainama kuokota kipande cha kitambaa, naye akakaa huko chini zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Binti akarudi. Siku iliyofuata muuguzi aliingia dukani macho yamemvimba, akakaa kwenye stuli bila kuigusa pedi.

"Nilibisha hodi," alisema. "Akanifungulia, dada! Alishangaa mpaka akacheka. Tukacheza. Nilikinga kila kitu, akawa anapiga kelele, 'Umejifunzia wapi?' Tukafika mwisho, yeye amebakiwa na uhai kama uzi, mimi bado nina nguvu. Nikamtazama alivyouma mdomo. Nikasema moyoni, mtoto huyu ameshapoteza vya kutosha. Nikaiachia kinga."

"Akashinda."

"Akashinda. Akaweka pedi chini, akaniambia asante. Ile ile asante ya chakula. Akafunga mlango."

Shangazi aliondoa mguu kwenye pedali. Katika duka lile hakuna aliyewahi kumwachia mwenzake, kwa hiyo hakuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lahitaji kufundishwa. "Somo hilo sikukupa, mdogo wangu. Kosa ni la mwalimu." Akaitazama sketi pale msumarini. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mlete Jumamosi nimpime sketi."

Jumamosi binti alikuja, amesimama nyuma ya mama yake wa kambo kwa adabu ya mgeni. Alipoiona televisheni, shingo ikarefuka. Breki akamkaribisha kwa matusi ya kirafiki, naye akampiga Breki haraka kiasi kwamba dereva alibaki akikitazama kidole gumba chake kama kimemsaliti. Kisha akapandishwa juu ya kigoda, sketi mwilini, Shangazi amepiga magoti na pini zake.

"Nasikia unamshinda mama," alisema Shangazi.

"Simshindi. Aliniachia."

"Umejuaje?"

"Mtu anayekinga hivyo haachi ghafla." Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Tangu mama afariki kila mtu ananiachia. Nikikosa hesabu mwalimu ananiambia si kitu. Nikivunja sahani baba anasema si kitu. Hata yeye sasa. Kama vile na mimi nimekufa kidogo."

Muuguzi alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono mapajani. Akaichukua pedi moja, akamnyooshea binti ya pili.

"Shuka," alisema. "Sikuachii tena. Nitakupiga mpaka ulie, na ukilia nitakupiga."

"Thubutu."

"Shangazi, mwachie mtoto huyo aje hapa."

Binti akaruka kutoka kwenye kigoda, nusu ya pindo ikiwa na pini na nusu ikining'inia. Alimchagua yule mjomba anayecheka. Alicheza kwa kasi, juu, chini, hila juu ya hila, na mlinzi wa lango akapokea yote kama ukuta unaopokea mvua. Breki alisahau kutamba. Shangazi, aliyekuwa amerudi nyuma ya cherehani, hakujua kwamba mguu wake umeanza kukanyaga: ta-ta, taa. Muuguzi akausikia mdundo ule. Uhai wa mjomba ulipobaki kama uzi, vidole vya muuguzi vilisita kidogo sana. Binti akamtazama upande, kwa jicho kali linaloomba. Ta-ta, taa. Mjomba akaanguka.

Binti alikaa mdomo wazi. Uso ukamwiva. Chozi moja likatoka kweli, akalifuta kwa bega.

"Umelia," alisema muuguzi.

"Ni vumbi la chaki." Akausogelea mkono wa mwenzake uliokuwa bado umeikaza pedi, akakiinua kidole gumba cha muuguzi, akakiweka mahali pengine. "Na unashika vibaya. Hivi. Ukishika vile unachelewa kukinga chini, ningekumaliza mapema kama ningeona. Umefundishwa na nani?"

"Na huyo hapo."

"Shangazi, unafundisha vibaya!"

Breki alicheka mpaka akashika meza. Shangazi Kinga, aliyefundisha mtaa mzima, akainuka kwenda kukitazama kidole hicho kilivyowekwa. Mtoto alisema kweli.

"Haya, njoo upande kigoda," alisema, "nimalize pindo. Shule Jumatatu."

"Tena," alisema binti, lakini hakuwa akimjibu fundi. Alikuwa amemgeukia muuguzi. "Tena, na usijaribu kuniachia."

"Hata nikitaka siwezi, umenifundisha kushika."

Shangazi akarudi kwenye kiti chake. Akatafuta sakafuni kipande cha kitambaa, akaiacha sketi ikae na pini zake, na kelele zilipoanza upya aliweka mguu kwenye pedali.