Sato wa Mama Kwenye Pipa la Ndama

Enzi zetu, wenzangu wa rika langu, maji yalikuwa na heshima yake. Mtoto aliyemwaga kata moja mlangoni alijua safari ya kurudi kisimani ni yake, jua la utosini, na watu wazima wanamsindikiza kwa maneno: "Nenda, mtoto wa tajiri, kalete mengine." Tulikuwaga tunaoga kwa maji ya kikombe, na kikombe chenyewe kimebonyea. Leo mjukuu wangu anafungua bomba, anasimama pembeni anachezea simu, maji yanakwenda zake. Ukimsemesha anakujibu, "Babu, si yapo tu?"

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Sifichi. Lakini ukifika Musoma leo ukauliza nyumba yenye geti la bluu na malori mawili uani, hata mtoto atakuleta. Sikuachiwa urithi, nilijenga kwa mikono hii. Na elimu yangu kubwa sikuipata kwa mwalimu. Niliipata kwenye pipa la kunyweshea ndama, kwa mama yangu mzazi.

Tulihamishiwa kijiji cha Ujamaa upande wa Bunda nikiwa bado navaa kaptula yenye madirisha mawili nyuma. Kabla ya hapo tulikaa karibu na ziwa. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe, kwake ziwa lilikuwa birika kubwa la mifugo, basi. Mama ndiye aliyezaliwa ufukweni, kaka zake wote wavuvi. Siku lori lilipotushusha, nyumba zimepangwa mstari kama madawati, pamba mbele, pamba nyuma, Mama aligeuka akatazama pande zote nne. Akaingia ndani akaanza kufagia. Tangu siku ile akaacha kuimba. Sisi tuliozoea kuamshwa na sauti yake akiwa kwenye jiwe la kusagia, tukawa tunaamshwa na jogoo wa jirani.

Kijiji kilichimba lambo. Mnakumbuka kazi zile? Majembe begani, wanaume kwa wanawake, asubuhi kabla ya kwenda shamba la pamoja, na anayechelewa anazomewa mpaka anakimbia. Likawa shimo pana, kavu, linasubiri mvua. Jioni moja Mama akamgeukia Baba.

"Baba Nyabise, lile lambo likijaa litakuwa na nini ndani?" Nyabise ndiye dada yangu, mtoto wa kwanza.

"Maji."

"Na ndani ya maji?"

"Ng'ombe watakunywa. Ulitaka kuwe na nini, meli?"

"Sato."

Baba alicheka hadi akakohoa. Kwake samaki kilikuwa chakula cha mtu aliyekosa ng'ombe. Lakini Mama alishakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaruhusiwa, mradi samaki awatafute mwenyewe. Tukapanda basi hadi Musoma, mimi namfuata kama mkia. Wajomba wakatuambia vifaranga wanapatikana wakati ule tu, pale penye matete. Mvua ikianza maji yanachafuka, huwaoni tena. Kwa hiyo tulirudi nao kabla lambo halijapata hata tone, sato wadogo saizi ya kidole wanacheza ndani ya debe, jani la mgomba juu.

"Mama, hilo debe litalowesha miguu ya abiria," konda akalalamika.

"Miguu yenye vumbi hivi? Nitakuwa nimewasaidia."

Basi zima likaangua kicheko. Tulipofika njia panda ya Butiama, mzee mmoja aliyekaa jirani yetu akafunua jani, akachungulia, akatikisa kichwa. "Hawa hawatoshi hata mchuzi wa mtu mmoja."

"Ndiyo maana wanasafiri wazima," Mama akamwambia, akafunika.

Nyumbani kulikuwa na nusu pipa, la Baba, la kunyweshea ndama. Mama akaliomba. Baba akazunguka lile pipa kama anayeuza fahali, halafu akatoa hukumu yake mbele yetu sote: "Mvua ikinyesha wakiwa hai, sawa, wapeleke lamboni. Wakifa, pipa linarudi kwa ndama wangu, na habari za ziwa nisizisikie tena hapa nyumbani." Mama akaitikia, "Nimesikia." Hata mimi mdogo nilielewa kwamba kilichowekwa kwenye pipa si samaki peke yao.

Sasa ninyi mnajua watu wetu. Kwetu kumpenda kiumbe ni kumlisha. Mgeni haondoki na njaa, ndama haachwi hivi hivi. Kila mtoto aliyepita pale uani alikata tonge la ugali akatupia. Mke wa jirani yetu Wambura alileta pumba. Mtu mwingine akaleta kumbikumbi waliokaangwa, na chumvi juu. Wale sato walikula siku za mwanzo wakanona, na sisi tukafurahi kama tumeshinda mbio.

Kisha maji yakawa ya kijani. Hapa ndipo tulipokosea, kosa la watu wa ng'ombe. Sisi tulijua kijani ni neema. Kilima kikiwa kijani, maziwa yapo, baba anacheka, harusi zinapangwa. Tukaitana: "Njooni muone, pipa limeota malisho!" Tukaongeza ugali.

Mama alikuwa shamba la pamoja siku hizo, palizi. Aliporudi akainama, akaingiza mkono ndani, akatoa tope laini linalonuka. Sato walikuwa wamekaa juu juu, mapezi wameyabana, tonge linapita puani hawalitazami. Wawili walikuwa wameelea.

"Nani anawalisha?"

Nyabise akanitazama mimi, mimi nikamtazama mtoto wa Wambura.

"Mnawalisha hadi mnawaua. Wanachokula kinatoka, wasichokula kinaoza, na vyote wanavioga. Ziwani taka zao zina pa kwenda. Hapa zitakwenda wapi?"

Nyabise, kwa kutaka kusaidia, akalishika pipa alimwage lote tuanze upya. Mama akamdaka mkono. "Mimi nilihamishwa na kila kitu changu kwa siku moja. Unajua nilivyokaa? Hawa tutawahamisha taratibu." Akateka tope la chini kwa kata, polepole, akatoa maji kiasi cha robo, akarudishia mengine yaliyopoa kivulini. Baada ya siku chache, robo nyingine. Chakula kikawa kidole kimoja cha unga, anatoa yeye mwenyewe, na wasipokimaliza kesho hawapati.

Maji machafu hakumwaga. Nani angemwaga? Yalikwenda kwenye mchicha na nyanya nyuma ya jiko. Ndugu zangu, ule mchicha! Majani mapana kama kiganja cha mwanamume. Baba alikula bakuli zima akauliza mbegu imetoka wapi. Mama akasema, "Imetoka kwenye pipa lako." Akaendelea kumega. Na mke wa Wambura, aliyekuwa akitutania kwamba tunafuga samaki kama kuku, akawa anapita jioni na ndoo yake: "Mama Nyabise, leo hamtoi uchafu? Nigawie kidogo."

Lakini sato walikuwa bado wanyonge. Kijani kikipungua leo, keshokutwa kimerudi. Mama akawa hali vizuri. Nilimwona asubuhi moja amesimama kwenye kisima chetu, hateki, anatazama tu. Kisima kilikuwa chini ya zizi la kijiji, na nyasi zilizokizunguka zilikuwa nyeusi kwa unene, wakati kila mahali pengine pamekauka. Akarudi nyumbani kwa haraka. "Tunatoa uchafu na kurudishia uchafu," akasema. "Mvua zote zilizopita, mkojo na samadi vya zizi vimekuwa vikishuka humo. Kuanzia leo, maji ya pipa yanatoka mtoni, upande wa juu."

Baba aliposikia akawaka. "Mtoni! Maji ya kisima mimi nakunywa, ng'ombe wangu wanakunywa. Hao samaki wako ni nani?"

"Ng'ombe wako wakichoka na zizi wanatoka kwenda malishoni. Hawa malisho yao, kitanda chao na choo chao ni hapo hapo. Tena na wewe nakushauri unywe ya mtoni."

Basi tukawa tunakwenda mtoni, Nyabise na Mama na debe, mimi na kibuyu. Mama akang'oa na majani ya majini, yenye mizizi kama ndevu, akayaweka juu ya pipa. Alisema hayo nayo yanakula, yale yale ambayo mchicha ulikuwa ukila. Maji yakaanza kung'aa. Ukitazama ndani unaona kutu ya pipa chini. Siku moja sato mmoja akaruka, chwa! Nyabise akapiga vigelegele kama kumezaliwa mtoto.

Mvua ikakataa kuja. Pamba ikasinyaa, mto ukawa uzi, tukawa tunafukua mchanga ndipo tupate debe moja. Mama miguu ikapasuka visigino. Asubuhi moja tulipojiandaa kuondoka, tukakuta Baba ameshafunga maksai kwenye mkokoteni, na mapipa mawili nyuma.

"Unakwenda wapi?" Mama akamuuliza.

"Mtoni. Nimechoka kusikia mlango unavyolia alfajiri." Akapiga mluzi, maksai wakaondoka. Hakugeuka nyuma, na Mama alisimama pale mpaka vumbi likatulia.

Majirani waliona mkokoteni ule. Wakaanza kuulizia. Mtu akipita kwenda kliniki anauliza, "Sato hawajambo?" Mwenyekiti akisimama kuhimiza kilimo anamalizia na habari za pipa. Sijawahi kuona tena kijiji kizima kinatazama mawingu namna ile.

Mvua ilipokuja, ilikuja ya kweli. Lambo likajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Watu wakaja kubeba pipa siku ile ile. Mama akakataa. "Hayo yamefagia kila zizi lililoko mlimani. Yaacheni yakae." Wakanung'unika, mwingine akasema huyu mama anataka kuwa mwenyekiti. Yeye akangoja yatulie, kila asubuhi akichanganya debe la maji ya lambo ndani ya pipa ili samaki wayazoee. Hatimaye Baba mwenyewe akalipakia pipa kwenye mkokoteni, akalizungushia magunia ya pamba lisitikisike. Pale ukingoni Mama akaliinamisha kidogo kidogo, sato wakatoka mmoja mmoja, wakasimama kama wanafikiri, wakazama.

Kesho yake tuliamka na wimbo. Jiwe la kusagia linakwenda, na Mama juu yake anaimba, sauti imekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kuimba. Baba alikuwa mlangoni anapiga mswaki kwa kijiti. Alipiga mswaki muda mrefu sana siku ile.

Sasa niwaambie ya juzi. Mtu wa daraja langu lazima sebule yake iwe na kitu, nikanunua tangi la kioo, kubwa, taa ndani, samaki wa rangi. Baada ya muda kioo kikavaa kijani, samaki wakabana mapezi. Muuzaji akanipa chupa ya dawa, nikamimina, hola. Binti yangu Neema, aliyesoma hadi chuo, akaja na vikaratasi vyake vya kupimia maji, akachovya. "Baba, naitreti ziko juu sana." Nikamwambia sijui huyo ni nani. Akanieleza: mabaki ya chakula na kinyesi vikioza vinaishia kuwa naitreti, haina harufu, haionekani, na kila siku inaongezeka. Dawa yake ni kupunguza chakula, kunyonya uchafu wa chini, kubadilisha robo ya maji kila wiki, na kupanda majani. Nikacheka sana. Nikamwambia bibi yako aliyajua haya bila kikaratasi.

Neema hakucheka. "Umebadilisha maji, Baba?" Nimebadilisha. "Ya wapi?" Ya kisima changu, nilichochimba mwenyewe hapa uani, wa kwanza mtaani. Akaenda akachovya kikaratasi humo. Karatasi ikawa nyekundu kuliko ile ya tangi, yaani naitreti zimezidi. Zizi la ng'ombe wangu wa maziwa liko juu yake, hatua chache. Mimi, mtoto wa yule mama! Neema akasema hata mjukuu mchanga asipewe maji yale. Bila kikaratasi chake ningejuaje? Nyasi za kuniambia nilishazifunika kwa zege.

Kwa hiyo natumia maji ya bomba, nayaacha yakae kwanza, nabadilisha robo kila Jumamosi kwa mkono wangu. Yanayotoka namwagia mchicha. Vijana wangu wananiuliza kwa nini nisinunue mashine. Wao samaki wamewajua wakiwa wamekaangwa.

Mama hayupo, Baba hayupo. Lile lambo limejaa mchanga, nilipita mwaka huu nikakuta watoto wanacheza mpira juu yake. Lakini sisi tulivua pale miaka na miaka. Mtoto wa Wambura alivua, watu walikuja kutoka Nyasura wakavua, na hata Baba mwisho alikula, akisema anaonja chumvi tu. Hakuna aliyewahi kusimama ukingoni kuuliza samaki hawa ni wa nani.

Maji ya tangi langu sasa ni safi, vikaratasi vinasema hivyo. Samaki wanang'aa, wageni wanapiga nao picha, kisha wanaondoka. Kesho wakifa wote, mtaani hapa hakuna atakayeuliza kama hawajambo.