Usimwombee Mwanao Radhi

Naikumbuka siku Mto Tana ulipoingia uani kwetu hapa Kulesa kuliko ninavyoikumbuka hata harusi yangu. Nakuhadithia wewe, mwanangu, kwa sababu nimesikia daktari amekwambia mtoto wako ana usonji, na tangu hapo hutoki nje ila kwa lazima. Kaa nami kidogo. Wali uko motoni, haukimbii.

Binti yangu Kadzo, huyu unayemwona akikunja nguo pale kibarazani, alikuwa mdogo wakati huo na hajaanza kusema. Wali ukigusana na mchuzi, hali. Mashine ya kusaga unga ikiwashwa, aliziba masikio na kulia mpaka izimwe. Viatu vya wageni alivipanga mlangoni, vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo, na mgeni akivaa vyake kabla ya kazi kwisha, basi matembezi yameharibika. Wako waliosema ni jini. Wako waliosema nilipita mahali pabaya nikiwa na mimba. Daktari mmoja kule Malindi akanieleza kwamba si jini wala laana, ndivyo mtoto alivyoumbwa, anaiona na kuisikia dunia kwa namna yake. Nilielewa. Ila kuelewa mbele ya daktari ni rahisi. Kazi iko dukani, watu wakikutazama.

Dukani niliomba radhi. Kanisani niliomba radhi. Nilifika mahali hata sijasalimia nasema, "Mnisamehe, mwanangu ana matatizo." Ikawa kama ndilo jina lake.

Basi mwaka huo mvua za bara zilizidi, mto ukavunja kingo. Maji yalifika kwenye mahindi, kisha kwenye migomba, na asubuhi moja tuliamka yako uani. Ikaletwa mashua ya injini kutuhamishia kwenye mwinuko karibu na barabara ya Garsen. Nahodha alikuwa mvuvi wa Kipini, mtu mzima aitwaye Athmani. Majirani walikuwa wameshaketi ndani na magodoro yao, masufuria na makapu ya kuku. Mume wangu alikuwa safarini, kwa hiyo nilikuwa na Kadzo na mama mkwe wangu, ambaye wajukuu walimwita Hawe, yaani nyanya.

Kadzo alifika kwenye mashua, akachungulia ndani. Sakafu ilijaa matope na magamba ya samaki. Akarudi nyuma. Nilipomvuta alipiga mayowe, akaketi papo hapo majini.

"Mbebe kwa nguvu," jirani mmoja akasema. "Maji yanapanda."

Mwingine akashauri aachwe aje na safari ya pili. Nami nikaanza yale yangu: mnisamehe jamani, mwanangu ana matatizo, mnisamehe.

Hawe alikuwa nyuma yangu na mkeka kichwani. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Kadzo, mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa, Mama, lakini watu wanangoja."

"Kama hajakosa, msamaha wa nini? Kila siku anakusikia ukiwaomba watu wamsamehe kwa kuzaliwa. Waambie anachotaka, kama ungemsemea mtoto mwenye kiu."

Maneno yale yaliniingia. Maana nilijua anachotaka, nilijua tangu mwanzo. Nikamgeukia nahodha. "Baba, mashua ina matope. Yeye hakanyagi matope ya ndani."

Athmani akaitazama mashua yake, akamtazama mtoto. "Na mke wangu asema hayo hayo," akajibu, akamkabidhi Kadzo kata ya kutolea maji. Yule jirani mwenye haraka akanung'unika. "Muwate aoshe," Athmani akamwambia kwa lugha ya kwao, yaani amwache. "Maji tunayo."

Watu wakacheka, maana maji yalikuwa yametuzunguka pande zote.

Kadzo akaosha. Aliteka, akamwaga, akasugua kwa kiganja, akaigusa miguu ya watu mmoja mmoja, na watu wazima wale wakaiinua kama watoto wa shule. Aliporidhika akapanda mwenyewe, akaketi kando ya kapu la kuku. Nikasema, safari hii bila kuomba radhi, "Na injini inamuumiza masikio." Athmani akasema hapo hapana mkondo mkali, akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, wanaume wawili wakamsaidia kwa makasia. Tukapita juu ya shamba langu la mahindi, polepole, kimya. Kuku mmoja akatoa kichwa kapuni, akamtazama Kadzo. Kadzo akacheka kicheko cha tumboni, na mashua nzima ikacheka naye. Nami, ambaye nyumba yangu ilikuwa imejaa maji, nilicheka mpaka machozi.

Kule mwinukoni, kambini, nilianza kusema, "Huyu ni Kadzo. Hapendi kelele, anapenda vitu vipangwe." Basi. Watu wengi si wabaya, mwanangu, hawajui tu la kufanya. Tuliporudi nyumbani, mwenye mashine ya unga akawa anatutumia habari kabla hajaiwasha.

Sikudanganyi, siku ngumu zipo hata leo. Juzi kwenye harusi spika zilimshinda, tukaondoka kabla ya pilau, na mimi pilau naipenda. Maneno yake ni machache, lakini sijasikia hata moja la uongo.

Kwa hiyo nakuusia: mtoe mwanao nje. Jifunze kinachomuumiza na kinachomfurahisha, kisha uwaambie watu waziwazi, kichwa juu. Aliyekosa ndiye huombewa msamaha, na mwanao hajakosa. Ukichoka, mlete hapa, nawe ulale.

Mungu akupe moyo mpana na usingizi wa kutosha, ampe mwanao watu wa kumwelewa, na nyumba yako isikose kicheko. Haya, pakua wali. Wa mtoto weka mbali na mchuzi, kama ndivyo anavyotaka.