Haina Moto Tena

Mume wangu alipostaafu ualimu, wenzake hapa kijijini Wusi walinunua ng'ombe. Yeye alinunua spika mbili zinazonifikia kifuani, kutoka kwa mzungu aliyekuwa akihama Voi.

Amplifaya, mashine za kuzipa spika sauti, alikuwa nazo mbili. Ile ya kisasa ilizisukuma spika bila kutoa jasho, lakini kwaya ilisikika kavu, alisema, kama ugali bila mboga. Nyingine ilikuwa kuukuu, ya valvu, vile vioo vinavyowaka kama taa ndogo. Hiyo iliimba vizuri ajabu, ila spika zilikuwa nzito kwa nguvu zake, na besi ilitoka imelegea. Tena ilivuma. Hata wimbo ukiisha, mvumo ulibaki chumbani, nami sikuupenda. Nilimwambia kile kitu kinatusikiliza. Alicheka, akasema yeye anaifungisha ndoa na spika, na harusi haivunjwi kwa sababu bibi arusi anakoroma.

Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Nyumbani kwetu yalikuwa maneno ya utani tu. Siku hizi siwezi kuyatamka.

Fundi mmoja wa Voi alimweleza kwamba ndani ya ile kuukuu kuna waya unaohamishwa ili ipatane na spika nzito. Alimtaka aipeleke dukani. Mume wangu aliogopa valvu zisije zikavunjika kwenye kona za mlima, akasema ataifungua mwenyewe. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, nami nilimsikia fundi.

"Sawa, mwalimu, lakini chunga. Hata ukichomoa, hiyo kitu inakaa na moto."

Kwetu stima pia huitwa moto, na fundi alimaanisha stima, umeme unaobaki ndani. Lakini mume wangu alishawahi kuunguzwa kidole na zile valvu, akaelewa joto.

Asubuhi alichomoa waya ukutani akaiacha ipoe. Ukungu ulikuwa umeshuka na nyumba nzima ilikuwa baridi. Kila mara alikuwa akiipapasa, kama mtu anayengoja maziwa yapoe. Nilipokuwa natoka kukata majani ya mbuzi, aliniita.

"Mama, shika uone. Haina moto tena."

Nilishika. Ilikuwa baridi kabisa, nikamwambia kweli, haina.

Nilikuwa nyuma ya nyumba niliposikia bisibisi ikianguka, kisha kishindo, nikatupa majani nikakimbia ndani. Nilimkuta amelala kati ya spika zake, hapumui. Nilipiga mayowe. Shemeji yangu, jirani yetu, aliingia mbio, akanivuta nisimguse, akarukia ukutani kuchomoa waya. Hakukuwa na waya ukutani.

Akaniuliza nani ameuchomoa. Nikamwambia ni yeye mwenyewe, asubuhi, na kwamba alingoja mpaka ikapoa.