Rula Juu ya Kioo

Seremala mmoja alikuwa akiijenga upya, kwa vipande vya mbao juu ya meza ya chumbani, stesheni ndogo ambako baba yake alifanya kazi ya kuwapungia madereva wa treni bendera. Reli yenyewe iling'olewa zamani. Alichotaka ni kimoja tu: marehemu baba asimame tena mbele ya kibanda chake, na asimame sawasawa.

Ilikuwapo tovuti ya watu waliopagawa na reli za zamani. Ramani zimo, michoro ya mabehewa imo, picha ndiyo usiseme. Lakini picha za stesheni ile ziliwekwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, yule yule aliyeibeba albamu ya familia siku mama alipozikwa, bila hata kuuliza. Sasa kila picha ina jina lake chini, utadhani ni yeye aliyekulia pale stesheni. Seremala akiliona jina lile chai humkwama kooni.

Tovuti ile ilikuwa na utaratibu wake: ukihifadhi picha, aliyeiweka anaona jina lako. Seremala akaapa kwamba jina lake shemeji hataliona. Basi miezi nenda rudi akawa anapima milango na madirisha kwa rula juu ya kioo cha kompyuta, macho yamemtoka pima. Jeuri ya bure kabisa.

Angeishia hapo ingekuwa heri. Siku moja akakuta shemeji ameandika chini ya picha kwamba tangi lililo kando ya kibanda ni la mafuta. Lilikuwa la maji. Hasira zikampanda, akasahau kiapo, akaandika kwa jina lake kamili: "Usiyoyajua usiyaandike. Na rudisha mali ya watu."

Kesho yake picha zote zilikuwa zimeondolewa.

Mdogo wake akapiga simu, sauti imechoka kuamulia. "Kaka, anasema ukimwomba mwenyewe atakupa. Neno moja tu."

"Nikaombe kwake baba yangu mwenyewe?"

"Basi kaa na mbao zako," akasema, akakata.

Seremala akarudi mezani. Kisanamu cha baba kilikuwa tayari, kofia na buti, bado bendera tu. Akashika kibendera cha kijani, akakisogeza kwenye mkono wa kulia. Akasita. Akakipeleka wa kushoto. Hakukumbuka. Picha ya baba akipunga bendera mbele ya kibanda aliitazama mpaka akachoka, na muda wote alikuwa akipima mlango.

Simu ilikuwa pale pale karibu na gundi. Akaigeuza kifudifudi, na mpaka leo baba amesimama mikono mitupu.