Asimwe Hakuniaga

Asubuhi wodi ya watoto ilinuka dawa ya kudekia, na ilipofika saa sita harufu hiyo ilishindwa na ndizi ambazo kina mama walizipika nyuma ya jengo, wakaingia nazo sufuria zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Nilikuwa na miaka minane. Taya langu la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho likaanza kuzibika, ndipo mama akanitoa nyumbani kwetu Kimuli akanipeleka hospitali kule Karagwe. Daktari alisema ni saratani ya watoto, lakini ile inayosikia dawa. Neno hilo sikulielewa. Nilichokielewa ni sindano, kutapika, na nywele zangu zilizobaki kwenye mto kila nilipoamka.

Kitanda cha jirani alilala Asimwe, msichana wa Songambele aliyenizidi mwaka mmoja. Uvimbe wake ulikuwa tumboni. Alipenda kuwaigiza wauguzi mmoja mmoja, mwendo na sauti, akichanganya Kiswahili na Kinyambo, mpaka nikacheka huku taya likiniuma. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa kwetu. Mama yake alipomletea waliokaangwa, Asimwe, ambaye tumbo lake lilikuwa halipokei kitu tena, alinipa fungu lote, kisha akakaa kunitazama nikitafuna kana kwamba anakula yeye. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayetoka pale bila kumuaga mwenzake.

Asubuhi moja nilipelekwa chumba cha sindano. Niliporudi nilikuta kitanda chake kimetandikwa shuka safi na kikabati chake kiko wazi, hakina kitu.

“Asimwe yuko wapi?”

“Amepona,” mama alisema. “Baba yake amekuja kumchukua.”

Nilimtazama muuguzi, naye akaitikia kwa kichwa. Kina mama wengine waliwainamia watoto wao. Niligeukia ukutani nikalia kwa hasira, na tangu siku hiyo sikutaka jina la Asimwe litajwe mbele yangu.

Uvimbe wangu ulinywea, nikaruhusiwa kwenda nyumbani, ila ilinibidi kurudi kupimwa. Siku ya kurudi, tukiwa Rubwera tunasubiri gari, nilimwona mama yake Asimwe amekaa kando ya barabara akiuza parachichi. Nilimkimbilia kabla mama hajanishika mkono.

“Shikamoo, mama. Mwambie Asimwe nimemkasirikia. Aliondoka bila kuniaga. Sitacheza naye tena.”

Alinyoosha mkono, akapapasa taya langu lililokuwa limepona.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Nitamwambia.”

Kisha akachagua parachichi kubwa kuliko yote, akaniwekea mikononi.

Ndani ya gari mama alianza kulia, ndipo akaniambia. Asimwe alifariki asubuhi ile nikiwa kwenye sindano. Wote walijua: muuguzi, wale kina mama, hata msichana mkubwa wa kitanda cha mlangoni. Mimi peke yangu ndiye niliyeachwa nimchukie marehemu miezi mitatu, halafu nikampelekea mama yake chuki hiyo kwa mdomo wangu. Nilimsihi mama turudi nikamwombe radhi. Alisema gari haligeuzwi kwa ajili ya mtoto. Tulipopita tena Rubwera hakuwepo, na sijamwona mpaka leo.

Nikiwa mtu mzima nilimuuliza mama kwa nini alinidanganya. Alikuwa akimenya ndizi, wala hakuinua macho. “Ungekataa dawa,” alisema. “Ungekufa na wewe.” Huenda ni kweli. Nilipona, nikasoma, na leo ninafundisha Bukoba. Najua aliogopa kunipoteza, na wakati mwingine naona huruma ninapomfikiria pale wodini, akitafuta maneno huku mtoto anamkazia macho. Lakini hakuna siku aliyosema nisamehe, nami sijaacha kuingoja. Sasa mama ana shinikizo la damu. Nikimpigia simu hunijibu kwamba ni mzima kabisa, haumwi hata kichwa. Nikikata simu, nampigia jirani yake nimuulize. Mama amekwisha kuligundua hilo. Juzi aliniambia kwamba nimeacha kumwamini, nami sikubisha.