Wimbo Nambari Sifuri

Mimi ni katibu wa kwaya hapa Mjambere, na kompyuta naijua vizuri. Miezi mitatu nimekuwa nikikaa kasino kule Nyali na soda yangu moja, nikiandika kila nambari inayotoka kwenye ruleti, lile gurudumu la kamari, pamoja na rangi yake. Sichezi, nachunguza. Jedwali nililolitengeneza mwenyewe lilikuwa karibu kufichua siri ya kushinda.

Jumamosi nikamtumia Mwalimu Kadzo, kiongozi wa kwaya, orodha ya nyimbo za ibada. Jumapili asubuhi akaniita mbele ya kwaya nzima.

"Katibu, mbona wimbo wa kumi na saba tunauimba mara tatu?"

Hapo nikajua nimetuma jedwali lipi. Lakini mimi si wa kubabaika. "Una ujumbe mzito," nikamjibu.

"Na hizi nyekundu na nyeusi?"

"Nyekundu damu ya Yesu, nyeusi dhambi zetu."

Kwaya ikaitikia amina. Nikavimba kichwa.

"Haya, na wimbo nambari sifuri, wa kijani?"

Nikafungua Biblia kutafuta andiko. Mzee Karisa, mwimbaji wetu wa besi, akaropoka: "Sifuri ya kijani! Hiyo ndiyo hutumaliza kule Nyali!"

Mkewe, pale safu ya mbele ya kwaya, akafunga kitabu cha nyimbo, akatutazama sote wawili.